RAID kwenye seva: maswali ninayoulizwa kila mara na mafundi wa Mwanza

Maswali haya kuhusu RAID, yaani kuziunganisha diski kadhaa za seva zifanye kazi kama moja, yamenifikia kwa simu, kwa WhatsApp na ana kwa ana. Wanaouliza ni wahasibu wa vyama vya akiba na mikopo hapa mjini, vijana wa kompyuta kwenye viwanda vya samaki, na wenzetu wa hospitali na shule za ng'ambo, Sengerema hadi Ukerewe. Jambo moja utaliona likirudi katika majibu mengi: sisi tuko mbali na duka la diski. Diski ya seva ikifa Dar es Salaam, fundi anaweza kuwa na nyingine mkononi kabla ya jioni. Ikifa Mwanza, mara nyingi inasubiri basi la zaidi ya kilomita 1,000, na hapo ni kama dukani ipo. Siku hizo za kusubiri ndizo zinazotakiwa kukuamulia mpangilio wa diski zako, kuliko kasi na kuliko bei.

Kundi la diski na volyumu si kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya utakosea kila hatua inayofuata. Fikiria shamba lililopimwa viwanja. Kundi la diski ndilo shamba: zile diski zenyewe unazozishika mkononi, ulizoiambia kontrola, ile kadi ya seva inayosimamia diski, izishike pamoja. Volyumu ni kiwanja kilichokatwa ndani ya shamba hilo. Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, hauoni shamba. Unaona kiwanja tu, na unakiamini kuwa ni diski moja nzima.

Majina kwenye skrini hubadilika kwa mtengenezaji. Seva za HPE (zamani HP) huiita volyumu "Logical Drive", Dell huandika "Virtual Disk", na kontrola za MegaRAID "Virtual Drive". Ni kitu kilekile.

La kukumbuka ni kwamba volyumu zote za kundi moja zimetandazwa juu ya diski zote za kundi hilo. Diski moja ikifa, volyumu zote zinaugua pamoja. Kuna watu hukata volyumu mbili katika kundi moja, moja ya data na nyingine ya nakala, wakidhani wamejikinga. Hawajajikinga na kitu.

Namba 0, 1, 5, 6 na 10 zina maana gani? Kubwa ndiyo bora?

Namba si madaraja ya ubora. Jina RAID lilienea baada ya andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zikishirikiana zinaweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa ya gharama, mradi upatikane ujanja wa kuvumilia kifo cha mojawapo. Namba zilitaja ujanja mbalimbali, basi.

RAID 0 hukata data vipande na kuvigawa kwenye diski zote. Ni ya kasi, lakini haina kinga yoyote. Diski moja ikifa, yote yamekwenda.

RAID 1 ni Kulwa na Doto. Kila kinachoandikwa kwa Kulwa kinaandikwa kwa Doto, na mmoja akiondoka mwingine anaendelea na kazi bila mtumiaji kujua.

RAID 5 inahitaji diski tatu au zaidi, na huweka hesabu ya ziada iitwayo pariti. Chukua magunia mawili ya dagaa pale soko la Mwaloni, moja kilo 40 na jingine kilo 35, ukaandika pembeni jumla: 75. Gunia moja likipotea, huhitaji kulitafuta ili ujue lilikuwa na kilo ngapi. Unatoa lililobaki kwenye jumla. Kontrola haijumlishi kilo, inakokotoa biti kwa biti, ila mantiki ni hiyohiyo. Na jumla yenyewe haikai kwenye diski moja, inazungushwa kwenye zote. Unapoteza ujazo wa diski moja, na unavumilia kifo cha moja.

RAID 6 inaweka hesabu mbili tofauti. Inaanzia diski nne, unapoteza ujazo wa mbili, na diski zozote mbili zinaweza kufa data ikabaki. RAID 10 ni mapacha kadhaa waliounganishwa. Nayo inaanzia diski nne na hula nusu ya ujazo.

Fundi, nina diski nne za TB 4. Niweke RAID 5 au RAID 10?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na najua jibu analotaka muulizaji, kwa sababu RAID 5 inampa TB 12 na nyingine zinampa 8. TB 4 ni fedha nyingi. Hata hivyo kwa Mwanza, kwa diski za ukubwa huo, simshauri mtu RAID 5.

Tazama kinachotokea siku ya msiba. Diski moja imekufa, na kuanzia dakika hiyo kundi lako halina kinga yoyote. Umepiga simu Dar, diski ipo, inapanda basi. Hiyo ni siku moja mambo yakienda sawa, na wiki nzima kama aina hiyo haipo dukani. Ikifika, unaichomeka na kontrola inaanza kuijenga upya. Kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde, diski ya TB 4 inachukua kama saa 11, na hapo hakuna mtu mwingine anayetumia seva. Kazi zikiendelea, hesabu saa nyingi zaidi. Muda wote huo diski tatu zilizobaki, ambazo umri wao ni uleule wa ile iliyokufa, zinasomwa kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, jumla TB 12. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwamba hitilafu ya kusoma isiyorekebika inaweza kutokea mara moja katika biti trilioni 100, yaani TB 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi inavyosema. Lakini hesabu hiyo iko karibu mno na TB 12 zako kwa mtu kulala usingizi.

RAID 6 inakuacha na kinga wakati unasubiri basi. RAID 10 inajenga upya haraka zaidi kwa sababu inanakili kutoka kwa pacha mmoja tu, ila pacha huyohuyo akifa kabla kazi haijaisha, umekwisha. Kwa hifadhidata inayoandikwa kutwa nzima, kama mfumo wa mauzo au wa wagonjwa, chagua RAID 10. Maandishi madogo kwenye RAID 5 yanahitaji safari nne za diski: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. RAID 6 inahitaji sita, RAID 10 mbili tu. Kwa faili za kawaida, picha na kumbukumbu za kamera, chagua RAID 6.

Mbona nimenunua TB 4 lakini Windows inaonyesha 3.6?

Hujaibiwa. Muuza diski anahesabu TB moja kuwa baiti trilioni moja, Windows inagawa kwa 1,024 mara kwa mara. Diski ni ileile.

Diski ya akiba ina faida, au ni fedha iliyolala?

Kwetu ina faida kubwa. Kwa Wasukuma mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, na hivyo ndivyo ninavyowaeleza wateja: Kulwa na Doto wako kazini, Shija amekaa ndani ya seva anasubiri. Mmoja akianguka saa tisa usiku, kontrola inamwita Shija na ujenzi unaanza bila wewe kuamka. Basi la Dar halimo tena katika hesabu.

Unaweza kuifunga diski ya akiba kwa kundi moja au kuiacha ihudumie makundi yote ya kontrola hiyo. Ujazo wake usiwe chini ya diski unazozilinda, na aina iwe moja: SAS kwa SAS, SATA kwa SATA. Kama seva yako haina tundu la ziada, basi nunua diski moja zaidi siku ileile unayonunua seva, uifungie kabatini. Miaka mitano baadaye aina hiyo itakuwa imepotea madukani na utashukuru.

Hatua za kuunda kundi na volyumu ni zipi?

Kabla ya kugusa kitufe chochote, hakikisha diski hazina data unayoihitaji, na sasisha fimwea, yaani programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe, ya kontrola na ya diski. Fimwea ni rahisi kuisasisha seva ikiwa tupu kuliko ikiwa na data ya watu.

Ingia kwenye menyu ya kontrola wakati seva inawaka. HP za zamani ni F8 pale jina la kontrola linapotokea, Dell za zamani ni Ctrl na R. Mashine mpya zimeingiza menyu hiyo ndani ya mipangilio ya mfumo, F9 kwa HPE na F2 kwa Dell. Chagua diski, chagua namba ya RAID, na kundi limezaliwa. Kisha kata volyumu.

Hapa nakuomba usikate volyumu moja kubwa. Kata ndogo ya mfumo endeshi, GB 150 au 200 zinatosha kwa ofisi nyingi, na inayobaki iwe ya data. Siku ukitaka kufuta Windows na kuipanda upya, data haiguswi. Sababu ya pili ni kwamba jedwali la zamani la kugawa diski, MBR, haliwezi kuvuka TB 2 na ushee. Volyumu kubwa inahitaji jedwali jipya, GPT, na seva za zamani zisizo na UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, hazikubali kuwashia Windows kutoka humo.

Mwisho ni kuandaa volyumu. Kuandaa kwa haraka hufuta mwanzo tu na kukuruhusu kuendelea. Kuandaa kikamilifu hupita kila sekta na huchukua saa nyingi. Kwa diski za mitumba fanya kikamilifu, kwa sababu diski mbovu ni heri ijifichue kabla hujaikabidhi kazi.

Ukubwa wa kipande cha data kinachogawiwa kila diski niweke ngapi?

Acha uliowekwa na mtengenezaji, mara nyingi KB 64 au 256. Nimeona watu wakibishana juu ya hili wiki nzima huku betri ya kashe imekufa.

Betri ya kashe ndiyo nini, na kwa nini seva yangu imekuwa nzito ghafla?

Kontrola nzuri ina kumbukumbu yake yenyewe, kashe, ya GB 1, 2 au zaidi. Programu ikiandika, kontrola inapokea kwenye kashe, inajibu "tayari", halafu inapeleka kwenye diski kwa utaratibu wake. Ndiyo maana RAID 5 yenye kashe inavumilika. Lakini umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye kashe hakijafika kwenye diski, na programu imeshaambiwa kimefika. Betri ipo kwa ajili ya dakika hiyo. Betri za zamani huishikilia data kwa siku mbili tatu. Kontrola mpya hutumia nguvu kidogo iliyohifadhiwa kuihamishia kwenye flashi, ambako inakaa bila umeme hadi utakapowasha.

Betri hizi huchoka baada ya miaka michache, mapema zaidi kwenye chumba chenye joto. Ikichoka, kontrola hujilinda kwa kuacha kutumia kashe ya kuandika: kila maandishi yanasubiri diski. Hapo ndipo napigiwa simu kwamba mfumo wa malipo umekuwa mzito tangu Jumatatu na hakuna kilichobadilishwa. Angalia hali ya betri kwanza, kabla ya kulaumu mtandao.

Kuna kitufe cha kuilazimisha kontrola itumie kashe hata betri ikiwa imekufa. Usikiguse. Seva itarudi kuwa nyepesi, na umeme utakapokatika katikati ya kuandika, hifadhidata yako itachanika mahali usipopaona. Zima pia kashe iliyo ndani ya diski zenyewe, kwa kuwa haina betri yoyote nyuma yake.

UPS haibadilishi hili. UPS inalinda seva umeme wa nje ukikatika. Haiwezi kukusaidia mtu akijikwaa kwenye waya au kifaa cha umeme cha ndani ya seva kikiungua. Weka vyote viwili, na uunganishe UPS na seva kwa waya wa USB ili iweze kuiamuru ijizime kwa adabu kabla chaji haijaisha.

Kaka, taa ya chungwa imewaka. Nichomoe diski?

Subiri. Hapa nina kisa changu, na nakieleza ili kisimpate mwingine.

Ilikuwa ofisi moja upande wa Kirumba, seva ya Dell, RAID 5 ya diski nne. Programu iliniambia diski namba 2 imekufa. Nilikuwa nimezoea seva za HP, ambazo matundu huhesabiwa kuanzia 1. Dell huanzia 0. Nikahesabu moja, mbili, nikachomoa, na nilichochomoa kilikuwa namba 1, diski nzima. Kundi lililokuwa limebaki na diski tatu likabaki na mbili. Skrini zote za ofisi zilisimama. Niliirudisha, kontrola ikaiona kama ya kigeni, nikaikubalisha, na volyumu ikarudi, lakini hifadhidata ilikuwa imekatika katikati. Tulirudi kwenye nakala ya Ijumaa, na wale akina dada wa mapokezi walikaa siku mbili wakiingiza upya uzito wa samaki kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Walinivumilia kuliko nilivyostahili.

Tangu siku hiyo sichomoi diski kwa kuhesabu. Naiamuru kontrola iwashe taa ya utambulisho ya diski ile mbovu, nainama niione inawaka, nasoma namba ya utambulisho ya diski (serial number) kwenye programu, na diski ikishatoka nailinganisha na lebo. Nikiwa na nafasi, nachukua nakala ya data kwanza, hata kama seva inaonekana inafanya kazi vizuri.

Taa ya chungwa inayopepesa huweza kumaanisha kwamba diski haijafa bali inatabiriwa kufa. Hiyo ni zawadi: agiza nyingine leo.

Kontrola yenyewe ikifa, data imekwenda?

Kwa kawaida hapana. Ramani ya kundi huandikwa pia kwenye diski zenyewe. Ukiweka kontrola ya familia ileile, yenye fimwea ya umri uleule au mpya zaidi, ukachomeka diski zote seva ikiwa imezimwa, itaisoma. Dell na MegaRAID wataonyesha neno "Foreign" na kukupa njia mbili: kuingiza mpangilio au kuufuta. Ingiza. Kufuta ni kuichana ramani. Na kama hujui, zima seva na uulize mtu, kwa sababu seva iliyozimwa haiharibu kitu.

Nimejaza. Naweza kuongeza diski bila kuanza upya?

Kontrola nyingi zinakubali, lakini kazi ni ndefu: inagawa upya data yote kwenye diski zote, saa nyingi au hata siku kadhaa. Chukua nakala kwanza na uwe na betri nzima ya kashe. Kundi likishapanuka, volyumu haipanuki yenyewe. Panua volyumu, kisha sehemu ndani ya mfumo endeshi, kisha mfumo wa faili. Kwenye Linux yenye LVM, programu yake ya kugawa nafasi ya diski, amri ni pvresize, halafu lvextend, halafu resize2fs au xfs_growfs. Wengi huishia hatua ya kwanza wakasema imegoma.

Naweza kuchanganya diski, au kutumia za mitumba?

Ukichanganya TB 2 na TB 4 katika kundi moja, zote zinahesabiwa kuwa TB 2. Diski za mitumba nimezitumia mimi mwenyewe, ila soma kwanza saa zilizokwishafanya kazi na sekta zilizohamishwa. Epuka diski za kompyuta za mezani kwenye RAID. Zikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana kuisoma kwa muda mrefu, kontrola inachoka kusubiri na kuitangaza imekufa, kumbe ipo hai. Zile zinazoandika mistari ya data ikipandana, SMR, nazo ni nzito mno wakati wa kujenga upya.

Nataka kutumia ZFS. Niiweke juu ya RAID ya kontrola?

Usifanye hivyo. ZFS ni mfumo wa faili wenye RAID yake ndani, na inataka kuziona diski zenyewe. Igeuze kontrola ipitishe diski moja kwa moja.

Kama tuna RAID, kwa nini bado unatudai nakala nyingine?

Swali la mhasibu mmoja, dada makini sana, na nafurahi aliuliza. RAID inalinda dhidi ya kifo cha diski tu. Ukifuta faili, Kulwa anafuta na Doto anafuta kwa sekunde ileile. Virusi vinavyofunga faili na kudai fedha vitafunga diski zote kwa usawa. Mwizi anabeba seva nzima. Moto hauchagui tundu.

Weka nakala moja ofisini kwenye kifaa kingine, na moja mbali. Mbali si lazima iwe Ulaya. Taasisi yenye tawi Sengerema au Nansio inaweza kubadilishana diski za nje kila wiki, zikiwa zimefungwa kwa nywila. Na kila baada ya miezi kadhaa rudisha faili moja kutoka kwenye nakala, uone kama inafunguka.

Vumbi na wadudu wa ziwani vinahusikaje?

Vinahusika sana. Wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga. Chumba cha seva kilicho karibu na maji, taa ikiachwa usiku na dirisha wazi, kitaamka na feni zimejaa. Feni ikizibwa, diski zinapata joto. Zima taa, weka wavu, na usafishe kila mwezi katika msimu wao.

Diski iliyokufa nitupe wapi?

Usiitupe. Iliyokufa kwa kontrola mara nyingi bado inasomeka kwa mtu mwenye subira, hasa iliyotoka kwenye RAID 1, ambayo ina kila kitu. Kama ina majina ya wagonjwa au wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Toboa sahani zake kwa drili, tundu kadhaa, ndipo uipeleke kwa mnunuzi wa vyuma.

Niandike nini kuhusu seva yangu?

Aina ya kontrola na fimwea yake. Kila tundu, kuanzia namba ile kontrola inayoitumia, na namba ya utambulisho (serial number) ya diski iliyomo. Makundi, namba zao za RAID, volyumu na ukubwa wake. Tarehe betri ilipowekwa. Barua pepe inayopokea tahadhari, na tarehe ya mwisho ulipoijaribu kuona kama inafika, maana nimekuta seva mbili ambazo diski ilikuwa imekufa miezi mingi, king'ora kimenyamazishwa na tahadhari zinakwenda kwa mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa raki, ipige picha, na picha umtumie mtu mwingine mmoja asiye wewe.